Ukurasa wa 19

Neno lenyewe lina herufi nane. Niliandika mimi, si mtu mwingine, usiku wa Jumatano tarehe 28 Juni 2017, mlango wa ofisi nimeufunga kwa ndani na chai imepoa kwenye chupa. Asubuhi yake jarida lilikwenda kwa mpiga chapa. Wiki chache baadaye, neno lilipozua maneno, nilisema ni kosa la mpiga chapa. Watu waliniamini bila kuuliza, maana kila mtu aliyewahi kuchapisha kitu Kenya hii ana kisa chake cha mpiga chapa.

Mimi hufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja huku magharibi mwa Kenya. Jina la chuo silitaji kwa kuwa chuo hakikukosa. Kwetu ni Chwele, kaunti ya Bungoma. Mimi ni Mbukusu, na hili ninalitaja mapema kwa sababu litarudi.

Jarida lilikuwa wazo langu, nalo nililipata kwa aibu. Kila mwaka nikifundisha fasihi ya Afrika Mashariki nilifika mahali pa kuwaeleza wanafunzi habari za Penpoint, lile jarida dogo la Idara ya Kiingereza ya Makerere lililoanza mwaka 1958, ambamo kijana mmoja aliyeitwa James Ngugi alichapisha hadithi angali mwanafunzi, kabla ya ulimwengu kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Niliwaambia pia juu ya Darlite la chuo cha Dar es Salaam, lililoanza 1966 na baadaye likabadilishwa jina likawa Umma. Niliyasema haya kwa madaha, kana kwamba nilikuwepo. Mwaka mmoja sauti ikatoka viti vya nyuma: "Na la kwetu liko wapi, Mwalimu?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Mwishoni mwa 2016 mkutano wa idara ulinikabidhi kazi hiyo, ukaniundia na kamati ya watu watano. Wawili kati yao hawakuhudhuria hata kikao kimoja. Majina yao yako ukurasa wa pili, tena kwa herufi nzito. Tuliosalia tulipanga ratiba: wito wa makala Januari, kupokea miswada hadi Machi, uhariri Aprili, kupanga kurasa Mei, chapa Juni, uzinduzi Julai. Niliichapa kwa rangi nikaibandika ukutani. Haikumaliza mwezi. Januari ile wahadhiri wa vyuo vya umma tuligoma, tukakaa nje hadi Machi, na tuliporudi muhula ulikuwa umebanwa kama nguo ya mtoto aliyekua. Miswada iliingia Mei. Mingine iliingia kwa WhatsApp, picha za karatasi za daftari zikiwa na kivuli cha kidole.

Pesa za idara zilitosha nakala 300, kurasa 32, rangi kwenye jalada tu. Hapa lazima nieleze jambo la kiufundi, maana ndipo mguu wangu ulipoteleza. Jarida la kubanwa kwa pini katikati huenda kwa nne nne. Karatasi moja ukiikunja inatoa kurasa nne, kwa hiyo hakuna kitu kinachoitwa kurasa 33. Ukizidisha mstari mmoja juu ya 32, umeshafika 36, na kurasa tatu unazo tupu ambazo nazo unazilipia. Kijana aliyetupangia kurasa pale matbaa, mjini Bungoma, alinifundisha haya kwa kukunja risiti ya chai mbele yangu na kuziandika namba pembeni: moja, mbili, tatu, nne. Halafu akaongeza jambo la pili. Uchaguzi ulikuwa umewekwa tarehe 8 Agosti. Kila aliyewania kiti, kuanzia wadi hadi ugavana, alitaka mabango. "Mwalimu, ukileta Alhamisi asubuhi, mashine ni yako. Ukileta Ijumaa, tutaonana baada ya kura." Nilipopita kwenda mlangoni nilikanyaga uso wa mheshimiwa mmoja uliokuwa umeanguka sakafuni, wino bado mbichi.

Niwaeleze pia juu ya mwongozo wangu wa uhariri. Ulikuwa na kurasa tano na vifungu 22, na niliupenda kuliko makala yoyote yaliyomo jaridani. Ulisema lini tuandike tarakimu na lini maneno, vipi tutaje chanzo, wapi italiki. Kifungu cha 14 kilisema: "Msimulizi aliyefariki atangulizwe neno 'marehemu' anapotajwa kwa mara ya kwanza." Nilikitunga kwa nia ya heshima, wallahi. Nilikuwa nimewasomesha wanafunzi miaka mingi juu ya ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha makoloni manne, jinsi ilivyopitisha vitabu vya shule na kuvipa kibali chake, na jinsi lahaja nyingine zilivyoachwa mlangoni. Darasani niliikosoa Kamati. Ofisini, kalamu nyekundu mkononi, nilikuwa mjukuu wake halisi.

Sasa mswada wenyewe.

Uliletwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, binti wa Saboti. Asiyeijua Saboti aende Kitale, kisha aupe mji kisogo na kuuelekea mlima. Ni nchi ya mahindi, udongo mwekundu, na Mlima Elgon unaoziba upande mzima wa magharibi, mita 4,321 kileleni kwake upande wa Uganda. Jina Elgon lilitokana na Wakony, na jina Bungoma likatokana na Wabong'om. Wote hao ni matawi ya Wasabaoti. Yaani sisi Wabukusu tunapanga foleni za benki, tunazika na kuoa ndani ya mji wenye jina la watu wengine. Kati yetu na wao pamepita mengi, ya ng'ombe na ya ardhi, na kuna maneno ambayo Mbukusu hamtamkii Msabaoti hata kwa utani, isipokuwa amemzoea sana.

Binti alikuwa amerekodi hadithi ya ndovu wanaoingia pangoni usiku kulamba chumvi. Ndovu hao si wa hadithi tu. Katika pango la Kitum, ndani ya hifadhi ya Elgon, wamekuwa wakiingia gizani kizazi baada ya kizazi na kuchokoa mawe kwa pembe, na alama ziko ukutani. Aliyemsimulia ni mama mmoja wa upande wa Machewa. Lakini mama alisema tangu mwanzo kwamba hadithi si yake. Ni ya mume wake. Yeye anaikopa tu.

Familia hiyo ilishuka kutoka mlimani wakati wa vita vya ardhi. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa, ila wa mbali nimkumbushe: ugomvi wa ugawaji wa mashamba ya Chebyuk, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ulizaa kundi lenye silaha lililojiita SLDF, kati ya 2006 na 2008 watu waliuawa, wakakatwa masikio, wakahama kwa maelfu kuja Trans Nzoia na Bungoma, kisha Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wapo wanaume walioondoka nyumbani kwao miaka ile, wengine wakiwa mikononi mwa upande huu, wengine mikononi mwa upande ule, hawajaonekana mpaka leo. Hawana kaburi. Mume wa mama huyu ni mmoja wao. Alitoka asubuhi moja ya Aprili 2008.

Binti alinukuu maneno ya mama jinsi yalivyotoka kinywani, pamoja na Kiswahili chetu cha huku: "Anatuambianga hiyo hadithi tukiwa jikoni."

Nilianza na hiyo -anga. Mtu yeyote aliyekulia kati ya Webuye na Kitale anaijua. Ndiyo tunayotumia kusema jambo ni la kila siku. Anakujanga. Tunakulanga. Nyumbani kwangu ndiyo tunayosema, na mtoto wangu akinijibu vingine nitadhani amekasirika. Lakini katika jarida la idara ya Kiswahili! Nikaikata, nikaandika: "Hutuambia hadithi hiyo tukiwa jikoni." Binti alinifuata ofisini kulalamika kwamba sauti ya mama imepotea. Nikamjibu, kwa upole wa mtu mwenye cheo, kwamba sauti imebaki na sarufi imeongezeka. Hilo la kwanza bado silihesabu kuwa dhambi kubwa. Hu- ni kiambishi cha ajabu: hakibebi nafsi wala hakisemi jana au leo. Mtu ambaye hutuambia hadithi anaweza kuwa jikoni sasa hivi. Au amekwenda sokoni, tunamngojea.

Mwishoni mwa hadithi binti aliweka tanbihi. Ninaikumbuka neno kwa neno, maana nimeisoma mara nyingi baadaye katika barua pepe yake: "Mzee huyu alitoka nyumbani Aprili 2008 na hajarudi. Mama anaomba asiitwe marehemu."

Mistari miwili.

Usiku ule wa Jumatano nilikuwa nikihakiki kurasa kwa mara ya mwisho. Hadithi ilitakiwa iishie ukurasa wa 19. Ile mistari miwili ya tanbihi iliusukuma mstari wa mwisho wa hadithi hadi ukurasa wa 20, na ukurasa wa 20 ulianza na shairi la mkubwa mmoja wa kitivo, beti tano zilizokaa sawasawa kutoka juu hadi chini. Kulisogeza shairi kungesukuma tahakiki, tahakiki ingesukuma picha za wahitimu, na mwisho wa msukumano huo ilikuwa kurasa 36. Nilijaribu kupunguza nafasi kati ya mistari. Nilijaribu kupunguza herufi. Nilikata "basi" mbili na "kwa kweli" moja. Bado mstari mmoja ulikuwa unaning'inia juu ya shairi la mkubwa.

Ndipo nikaitazama tanbihi. Nikafungua mwongozo wangu, kifungu cha 14. Nikafanya hesabu ya mwanasheria, mimi niliyesoma isimu: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia, huchukuliwa kuwa amekufa. Kutoka 2008 hadi 2017 ni tisa. Sheria ilikuwa upande wangu na ilikuwa imezidisha miaka miwili. Nikafuta tanbihi. Nikaandika "marehemu". Na kwa kuwa marehemu hawezi kutuambia kitu kila siku, nikasahihisha na kitenzi kiwafikiane: "Marehemu alikuwa akituambia hadithi hiyo tukiwa jikoni."

Ukurasa ukakaa. Nakumbuka raha niliyoipata. Nilikunywa ile chai baridi nikakitazama kioo cha kompyuta kama mtu anayetazama shamba lililopaliliwa.

Kwetu Bukusu mzee akifa, kuna mwenye kutangaza, kuna saa ya kutangaza, na baada ya mazishi kuna mswala kumuse, yule anayesimama mbele ya watu akatembea huku na huko akisema maneno ya kuwafariji na kuwaonya waliobaki. Si kila mtu anayeruhusiwa kusema fulani amekufa. Mtoto akikimbia na habari hiyo njiani kabla ya wenyewe kuitoa, atachapwa. Haya nimeyajua tangu nikiwa na kaptula. Usiku ule hayakunijia hata kidogo.

Uzinduzi ulifanyika Julai katika ukumbi mdogo. Soda, maandazi, hotuba tatu. Niliketi mbele nikiwa nimevaa tai. Katikati ya hotuba ya pili nilimwona binti akifungua nakala yake. Alifungua moja kwa moja katikati, kama mtu anayejua nyumba yake iko wapi mtaani. Akasoma. Akainua kichwa akanitazama. Nikampungia mkono.

Kesho yake alikuja ofisini. Hakukaa.

"Mwalimu, tanbihi yangu haipo."

Nikasema, na sijui hadi leo ulimi uliitoa wapi kwa haraka vile, "Hawa watu wa matbaa! Lazima walipunguza mistari."

"Na 'marehemu'?"

"Nitawauliza."

Alinyamaza kidogo. "Na 'alikuwa akituambia', Mwalimu? Hiyo pia ni wao?"

"Wao hubadilisha ovyo," nikasema.

Alijua. Hakuna mpiga chapa duniani anayepatanisha nyakati za vitenzi. Aliaga kwa adabu, akaenda.

Uongo wa pili ulikuwa rahisi zaidi. Mwenyekiti wa idara aliposikia, akaniita, nikamwambia maneno yaleyale, naye akaagiza tuchapishe kikaratasi cha masahihisho kiingizwe katika kila nakala. Nilikitunga mwenyewe: "Kutokana na hitilafu ya uchapaji, neno 'marehemu' limeingia ukurasa wa 19, mstari wa 6. Lifutwe. Tunaomba radhi." Na kwa kuwa kazi ndogo haihitaji kwotesheni tatu, nilikipeleka kwa matbaa ileile.

Yule kijana aliyenifundisha kukunja risiti ndiye aliyenihudumia. Alivikata vikaratasi vizuri, akavihesabu, akavifunga kwa mpira. Halafu akasoma cha juu kabisa.

"Mwalimu, hii 'hitilafu ya uchapaji' ni sisi?"

"Ni lugha ya ofisi tu," nikamwambia. "Usijali."

Alinitazama. Kwenye kompyuta yake, hatua mbili kutoka pale, kulikuwa na faili niliyomtumia usiku ule ikiwa na lile neno. Angeweza kuifungua. "Sawa," akasema. "Ni mia nane." Nikalipa, akaniandikia risiti.

Kijana huyo hakuwepo mwaka uliofuata nilipopita. Niliambiwa amepata kazi Eldoret. Kama anasoma haya: faili ilikuwa na neno. Ulichapa nilichotuma.

Vikaratasi havikusaidia sana. Nakala nyingi zilikuwa zimeshatoka, mbili kati yake kwenda Nairobi kwa Msajili, kwa kuwa Sheria ya Vitabu na Magazeti inamtaka mchapishaji awasilishe nakala, na katika mambo ya sheria sisi tuko makini. Huko ziko mpaka leo, nadhani, bila kikaratasi. Hata zile zilizopata kikaratasi, kikaratasi kilifuta neno kikaacha kitenzi. Mtu aliyekuwa akisimulia ni mtu asiyesimulia tena. Mimi mwalimu wa sarufi nililiona hilo nikiandika masahihisho, nikaliacha.

Desemba binti alinipigia simu. Ilikuwa likizo, nilidhani ananitakia Krismasi njema. Aliniambia kwamba shemeji wa mama, mdogo wake mzee, amekuwa akitaka shamba la mlimani ligawanywe. Hati iko kwa jina la mzee. Miaka yote mama alijibu kwamba mwenye shamba hajarudi, asubiriwe. Sasa shemeji alikuja kwenye kikao cha familia na karatasi. Ilikuwa fotokopi ya ukurasa wa 19. "Hata chuo kikuu kimeandika," aliwaambia wazee. Na mama akaulizwa mbele ya watoto wake: mbona uliwatangazia watu wa chuo, na sisi ukatuficha?

Binti alikuwa amempelekea mama nakala yenye kikaratasi. Mama akakitoa, kikapita mkono hadi mkono. Mzee wa mtaa, aliyekuwa ameitwa kusimamia, alikisoma mara mbili, akauliza swali ambalo binti alinisimulia na ambalo bado naliota: "Hapa wanasema ni mashine ilikosea. Sasa mashine inajuaje mtu amekufa?"

Hawakuamua kitu siku hiyo. Shamba halikugawanywa. Lakini kikao kilivunjika watu wakiwa hawasemezani.

Nilimaliza Krismasi vibaya. Februari 2018, Jumamosi, nilipanda matatu Bungoma, tukapita Kimilili, Kamukuywa, Kiminini, hadi Kitale, mahindi yameshavunwa na mashamba yamebaki mabua na vumbi. Binti alinipokea stendi. Hatukuongea mengi. Tulichukua boda boda mbili, na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno: kwa niaba ya idara, kwa masikitiko makubwa. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, hauna wingu hata moja. Ningependelea uwe umejificha.

Mama alikuwa anachambua maharagwe uani. Aliniamkua, akanipa kiti, akaendelea kuchambua. Yeye lugha yake Kisabaoti, mimi Kibukusu. Kiswahili tulikutana nacho njiani, kila mmoja akitoka kwake. Nikaanza: "Mama, nimekuja kwa niaba ya..." Nikashindwa. Nikaanza tena. "Mama, lile neno niliandika mimi. Si mashine. Binti huyu alikuwa ameandika vizuri, mimi nikafuta."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Wewe ulimwona wapi akiwa amekufa?"

"Sikumwona, Mama."

"Kama ulimwona uniambie. Twende tumchukue, tumzike. Mimi sikatai kuzika."

Sikuwa na la kusema. Nikamwambia ilikuwa sababu ya nafasi, kwamba ukurasa ulijaa. Niliposema hivyo nilimsikia binti akivuta pumzi nyuma yangu. Sikuwa nimemwambia hata yeye. Mama aliuliza mistari ilikuwa mingapi. Nikasema miwili. Akarudia, "Miwili," akachukua jiwe dogo kwenye maharagwe akalitupa.

Tuliitiwa chai. Wajukuu walikuja kumtazama mgeni, wakaondoka, mmoja akabaki. Baada ya muda mama aliingia ndani akatoka na jarida. Jalada lilikuwa limechafuka masizi pembeni. Alilifungua ukurasa wa 19, akaniwekea mapajani. Juu ya lile neno alikuwa amebandika kipande cha plasta, ile ya vidonda, ya rangi ya udongo. Kilikuwa kimekatwa kwa makasi, kimepimwa kikaenea herufi nane sawasawa. Maneno yaliyofuata alikuwa ameyaacha.

"Huyu msichana aliniambia hapo kwingine pia umeharibu."

"Ndiyo, Mama."

"Andika vile nilisema."

Nilitoa kalamu mfukoni. Ilikuwa ile nyekundu. Sikuwa na nyingine. Nikaukata mstari wangu wote, na pambizoni, ambako hapakuwa na upungufu wa nafasi hata kidogo, nikaandika polepole kwa herufi kubwa ili mtoto aweze kusoma. Mama akamwita yule mjukuu.

"Soma."

Mtoto akasogea, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akalivunja silabi kwa silabi kama tunavyowafundisha: "A-na-tu-a-mbi-a-nga. Anatuambianga hiyo hadithi tukiwa jikoni."

"Tena," mama akasema, akarudi kwenye ungo wake.